Maji ya Chumba cha Juu

Pasi ilipumua kabla haijachomekwa.

Mshonaji alikuwa ameitoa kabatini na kuisimamisha kwa kisigino chake mwishoni mwa meza ya kupigia pasi. Waya ulikuwa bado umezungushwa kiunoni mwa pasi, na plagi ilining'inia mbali na soketi. Shati la mumewe lilikuwa limeshatandazwa mezani. Akageuka kuchukua henga ukutani, na nyuma yake akasikia sauti fupi, kama ya mtu mzima anayeketi baada ya kupanda ngazi. Alipotazama, ukungu mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye matundu ya uso wa pasi. Haukuwa moshi, kwa kuwa haukuwa na rangi wala harufu ya kuungua. Wala haukuwa mvuke, kwa kuwa mvuke hupanda. Ukungu ule uliteremka, ukatambaa juu ya meza, ukalifikia shati, ukazama ndani yake kama maji yanavyozama mchangani.

Aliugusa uso wa pasi kwa ncha ya kidole. Ulikuwa na baridi ya kitu kilichotoka kwenye barafu.

"Mke wangu, shati!" mumewe aliita kutoka bafuni. "Wageni watakula na nani leo?"

"Watakula na meno yao," akajibu, akachomeka plagi. Alijiambia kwamba ni maji ya jana yaliyobaki kwenye tangi la pasi, na kwamba mashine nazo zina tabia zao.

Mume huyo alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli kubwa ya mjini. Mtaani walimwita Bwana Mkunjo, kwa sababu mkunjo wa suruali yake ulisimama wima kutoka kiunoni hadi kiatuni, mvua inyeshe au jua liwake. Mkewe alishona nguo nyumbani: magauni, sare, mapazia, na kila alichoombwa. Kila mmoja kwa namna yake aliitegemea pasi ile. Mshono usiopigwa pasi haulali sawasawa, na mhudumu mwenye shati la makunyanzi hapewi meza za mbele. Walikaa vyumba vya chini, upande wa nyuma wa nyumba ya ghorofa moja. Juu yao alikaa mjane mwenye nyumba, peke yake, mama mpole asiyependa wageni.

Pasi ilikuwa imeugua mara moja kabla ya hapo. Ilianza kwa kuguna, kisha ikatema maji ya kahawia kwenye kola nyeupe, na Mshonaji akaipeleka kwa fundi wa vifaa vya umeme wa pale kwenye kona. Watu walimwita Fundi Waya, kwa kuwa alichomeka kipande cha waya nyuma ya sikio, mahali ambapo wengine huchomeka kalamu.

"Shemeji, unamnywesha nini mgonjwa huyu?" Fundi Waya aliuliza, akiitikisa pasi karibu na sikio.

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba. Kwani kuna maji mengine?"

"Ya bomba letu hayo si maji, ni mawe yaliyolainika." Akaigonga pasi juu ya gazeti, na vipande vyeupe vikadondoka kama maganda ya yai. "Unaona? Chumvi na chokaa. Maji yanachemka yanaondoka, haya yanabaki ndani na kuziba matundu."

Akachanganya siki na maji, akajaza tangi, akaiwasha pasi hadi ikachemka, akaizima, akaiacha siki ile itafune uchafu wakati yeye akitengeneza redio ya mtu. Kisha akamwaga, akasuuza, akazibua tundu moja moja kwa kijiti cha kuchokolea meno. Hakutumia pini. Pini, alisema, hukwaruza, na panapokwaruzwa ndipo uchafu unaposhika tena.

"Sasa sikiliza. Tumia maji ya mvua, au maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi kinayakamua kutoka hewani, hayana chumvi hata chembe. Na ukimaliza kazi, mwaga yaliyobaki, uisimamishe. Usiilaze na maji tumboni."

Mvua ilikuwa mbali. Lakini mjane wa juu alikuwa na kiyoyozi kilichonguruma mchana kutwa na usiku kucha, katika chumba kimoja ambacho dirisha lake halikufunguliwa kamwe. Mpira mwembamba wa maji yake uliteremka ukutani, ukapita karibu na dirisha la jiko la Mshonaji, ukaingia kwenye tundu la kifuniko cha saruji kilichoziba shimo dogo ardhini. Maji yote yale yalipotea bure. Mshonaji akaushika mpira, akauchomoa kwenye tundu. Ncha yake ilikuwa imeganda ukoko mweupe wa chumvi. Alishangaa kidogo, akaufuta kwa pindo la khanga, akauingiza kwenye dumu.

Hakumwuliza mtu. Nani huomba ruhusa ya kukinga maji yanayomwagwa?

Maji yalikuwa safi, na ya baridi kuliko maji ya mtungi. Pasi ikawa mpya. Ikateleza, ikanyoosha, haikutema tena. Bwana Mkunjo alirudi jioni ya siku ya kwanza akiwa na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Umelitia nini shati hili? Wenzangu leo wamelowa mpaka kwenye mikanda. Mimi nimekaa kama niko ndani ya friji. Wageni wanagombania meza zangu!"

"Angalia wasije wakakuiba."

"Wakiniiba utalia?"

"Nitawaletea pasi. Wajue mzigo waliojitwika."

Walicheka. Walikuwa watu wa kucheka. Majirani waliwasikia kupitia ukutani, na wengine waliwaonea kijicho kwa hilo tu.

Kisha supu ikaanza kupoa. Bwana Mkunjo mwenyewe ndiye aliyesimulia, mwanzoni kama kichekesho: supu inatoka jikoni inachemka, yeye anaibeba hatua chache, na ikifika mezani mafuta yameganda juu yake kama nta. Msimamizi wake alimgombeza mbele ya wageni. Siku iliyofuata yakawa mambo yale yale, na hakuyasimulia tena.

Mshonaji akaanza kuona mambo mengine. Kikombe cha chai kilipoa mikononi mwa mumewe kabla hakijafika mdomoni. Mumewe aliposimama jikoni, mwali wa jiko la gesi uliinama kuelekea kwake, ukapungua, kama unaonyonywa kwa mrija. Kitandani alikuwa kama shuka lililoanuliwa kabla halijakauka. Na shati hakulivua. Alilala nalo, akaamka nalo, na asubuhi lilikuwa limenyooka, mikono yake mikali kwenye mkunjo, kana kwamba usiku wote lilikuwa limetundikwa kwenye henga.

"Livue basi nilifue, mume wangu."

"Halijachafuka."

"Tangu juzi?"

Akasogea, akashika kifungo cha juu. Kifungo kilikuwa cha baridi kiasi kwamba ngozi ya kidole chake ilinata, na alipoivuta iliacha alama. Bwana Mkunjo akamshika mkono. Hakumshika kwa nguvu. Akamwambia kwa upole, kwa sauti ile ya kuwakaribisha wageni mezani:

"Acha. Ndiyo kwanza linaanza kunikaa."

Tangu siku hiyo hakumwita tena mke wangu.

Mshonaji hakuwa mtu wa kukimbilia maneno ya majini na mapepo. Alimwaga maji yote ya pasi kwenye sinki, akaiinamisha, akaitikisa hadi tone la mwisho, akaisimamisha juani dirishani, kama Fundi Waya alivyomwagiza. Akarudi kwenye cherehani. Na alasiri ile, katika nyumba tulivu yenye harufu ya kitambaa kipya, alisikia pumzi ile tena, mara hii ndefu, ikitoka dirishani, na pamoja nayo harufu ya chumba kilichofungwa miaka, harufu ya godoro lenye unyevu na kiberiti kilichowashwa na kuzimwa, na alipoinua macho aliona magauni ya wateja yaliyotundikwa kwenye kamba, yale aliyoyapiga pasi wiki ile, yakijaa taratibu kutoka kifuani hadi mikononi, yakisimama na mabega, yakigeuka bila upepo, moja baada ya jingine, yote yakitazama mlango ambao mumewe angeingilia jioni.

Aliinuka, akaichukua pasi kwa kitambaa, akatoka nayo bila kufunga mlango.

Fundi Waya alianza kwa mzaha, kama kawaida yake. "Mgonjwa karudi! Nilikuambia usiilaze."

"Fungua, shemeji. Tafadhali."

Akalegeza skrubu, akatenganisha mpini na mwili. Akakagua koili, akapima waya kwa testa, akakichunguza kidhibiti joto, akautazama mpira unaozuia maji yasivuje. Kila kitu kilikuwa kizima. Hakukuwa na chokaa. Tangi lilikuwa kavu. Alipitisha kidole ndani, akakionyesha, hakuna hata unyevu.

"Hii haina kosa lolote," alisema. "Umeniletea mtu mzima wa afya."

Na pale juu ya meza yake, ikiwa vipande vipande, plagi ikiwa mkononi mwake mwenyewe, pasi ikapumua. Ukungu ukatoka kwenye matundu ya uso wa chuma usiounganishwa na kitu chochote, ukatambaa kati ya bisibisi na skrubu, ukamfikia kifuani. Fundi Waya akaruka nyuma hadi kiti kikaanguka. Taa ndogo ya moto, ya kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, iliyokuwa ikiwaka pembeni, ikazimika.

Akakiinua kiti. Alipozungumza, alinong'ona, ingawa nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakipita.

"Shemeji, maji unakinga wapi?"

"Kwa kiyoyozi cha juu. Ulivyoniambia."

"Twende nikaone."

Akaziunganisha sehemu za pasi haraka haraka, akamrudishia. Walipofika nyuma ya nyumba, kiyoyozi kilikuwa kinanguruma juu yao. Fundi Waya akauchomoa mpira dumuni, akaubana, akaupuliza, akaweka kiganja chini yake na kungoja. Halikudondoka hata tone.

"Mashine inafanya kazi, na mpira haujaziba," alisema. "Jasho lote hili tunalotoka, hewa imejaa maji, na chumba kile hakina cha kukamua. Kimekauka kama tangi la pasi yako." Kisha akaona lile tundu la saruji. Akakiinua kifuniko. Shimo lilikuwa limejazwa chumvi ya mawe hadi juu, ngumu, nyeupe, na katikati yake tone kwa tone la miaka mingi lilikuwa limechimba kijishimo cheusi.

Mjane alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye pasi aliyoishika Mshonaji. "Kuna nini?"

"Mama, nilikuwa nakinga maji ya kiyoyozi chako. Kwa ajili ya pasi."

Mjane akashika mwimo wa mlango. "Ulikinga kwenye nini?"

"Kwenye dumu. Nikautoa mpira pale shimoni."

"Ukayatia kwenye moto?" Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Mwanangu, yale maji uliyatia kwenye moto?"

Aliwaketisha, lakini yeye hakuketi. Aliwaeleza akiwa amesimama, akitazama mlango uliofungwa mwishoni mwa ukumbi, ambako baridi ilitokea chini yake na kuyalaza manyoya ya zulia.

Mume wa mjane aliwahi kurudi safarini na jini. Mganga waliyemwita, ambaye sasa amekufa, alishindwa kumtoa. Alisema jini yule ni wa moto na anakunywa joto, na amemvaa mtu huyu kama mtu anavyovaa nguo. Ukimvua kwa nguvu utachana kitambaa. Lililowezekana ni kumlaza. Katika baridi kali jini huyo huwa mzito, hulala, na akilala hanywi. Huyeyuka kuwa unyevu, na unyevu hutoka na maji, tone baada ya tone, na chumvi huyala matone hayo yasiamke tena. Ni kazi ya miaka. Siku jini atakapokwisha, mtu hubaki.

"Na mumeo, mama?" Mshonaji aliuliza.

Mjane alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Alikuwa anatetemeka. Kila siku ananiomba, ananiita kwa jina ambalo ni yeye tu alilijua. Nikamhurumia. Nikazima mashine, nikamfunika blanketi, nikampa chai." Akaivuta mikono ya sweta hadi viganjani. "Kikombe kilipasuka mkononi mwake kwa baridi. Alipokata roho niliwasha mashine tena, nikafunga mlango, yule jini akabaki ndani. Nikaendelea kumdondosha peke yake. Alikuwa amebaki kidogo, mwanangu. Kidogo tu."

"Na hukutuambia!" Fundi Waya alisema. "Unapangisha watu vyumba na hukusema neno!"

"Ningesema, nani angekaa?"

"Mgombane baadaye," Mshonaji alisema. "Mume wangu anakuja."

Alikuwa ameshaelewa. Chumba kile kilikuwa kitupu. Yote yaliyokuwamo yalikuwa yameteremka kwa mpira hadi dumuni, kutoka dumuni hadi kwenye pasi, na asubuhi baada ya asubuhi yeye kwa mkono wake mwenyewe, akihofia kunyanzi moja kwenye kola, alikuwa ameyapasha moto na kuyakandamizia kwenye shati la mtu aliyempenda.

Mshonaji alikuwa ameshashuka na pasi jikoni kwake, akiwaacha wale wawili juu wakingoja mlangoni, Bwana Mkunjo alipoingia jua likiwa bado juu. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu. Hotelini walikuwa wamemrudisha, kwa sababu majiko yalizimika kila alipopita. Shati lake halikuwa na doa wala kunyanzi, na alipotembea suruali haikujikunja gotini.

"Washa pasi," alisema.

"Naiwasha, mume wangu."

Akaichomeka. Akazungusha swichi ya joto hadi mwisho. Taa nyekundu ikawaka, na mumewe akaja akasimama mbele ya meza, akainamisha uso juu ya ukungu, akauvuta kwa pua kama mtu anavyovuta harufu ya mkate. Mshonaji alimtazama kwa karibu. Chini ya jicho la kushoto, mshipa mdogo ulikuwa ukipiga, haraka haraka, kama wa ndege aliyeshikwa mkononi. Mshipa ule ulikuwa wa mumewe. Hicho ndicho kilichobaki nje ya shati.

Taa nyekundu ikazimika. Pasi ilikuwa imefika joto lake. Akachomoa plagi, akaishika pasi kwa mikono miwili mbele ya kifua, uso wa chuma ukielekea kwa mumewe, akaanza kurudi kinyumenyume.

Mumewe akamfuata. Walitoka jikoni, wakapita uani, wakafika kwenye ngazi za nje, Mshonaji akipapasa kila kidato kwa kisigino kwa kuwa hakuthubutu kugeuza macho, waya ukiburuzwa katikati yao kama mkia, na mumewe akipanda mbele ya uso wake, shingo ameinyoosha, midomo wazi, akiunywa ukungu ule kadiri ulivyotoka, na kila alipouvuta Mshonaji alihisi mpini ukipoa kidogo mikononi mwake, akajua kwamba joto la pasi halitoshi kwa ngazi zote zile kama ataendelea kwenda polepole, na kwamba akienda haraka ataanguka.

"Unanipeleka wapi?" sauti iliuliza. Ilikuwa sauti ya mezani, laini, ya kuvuta kiti mgeni akae.

"Juu. Kuna joto zaidi."

"Unanidanganya?"

"Nimewahi kukudanganya?"

"Huyu anasema hujawahi." Na mshipa ule chini ya jicho ukapiga.

Mjane alikuwa amefungua mlango wa chumba na kujificha nyuma yake. Baridi ikampiga Mshonaji mgongoni kama maji. Bwana Mkunjo akasita kizingitini. Pua yake ikatanuka. Akakitambua chumba, uso wote ukakunjamana kwa hasira, makunyanzi mengi, mazee, yasiyo ya umri wake, na shati peke yake likabaki limenyooka. Akaanza kugeuka.

Pasi ilikuwa na vuguvugu tu. Mshonaji hakuwa na kingine cha moto cha kumpa. Akaiacha ianguke sakafuni, akamkumbatia mumewe, mwili kwa mwili, shavu kwa shavu, akampa joto lake mwenyewe. Alihisi likitoka kwake kama damu inavyotoka, kutoka kifuani, kutoka kwapani, kutoka kwenye mizizi ya meno, na yule akakaza mikono kumzunguka kwa uchu, akasahau mlango. Wakarudi nyuma pamoja, hatua kwa hatua, kama watu wanaocheza muziki.

"Funga!" alipiga kelele.

Fundi Waya, aliyekuwa amejibanza ukumbini, akaruka, akaubamiza mlango, akaushikilia kwa bega. Mshonaji alisikia ufunguo ukigeuka. Kisha mikono iliyomkumbatia ikalegea, ikawa mizito, na mumewe akateleza taratibu hadi sakafuni, akaegemea ukuta, akafumba macho. Kiyoyozi kikanguruma juu yao. Baada ya muda mrefu, nje chini ya dirisha, Mshonaji akasikia tone likianguka kwenye chumvi.

Magauni ya wateja waliyaloweka kwenye maji ya chumvi, na maji yale wakayamwaga shimoni. Fundi Waya akafunga betri kubwa na mashine ya akiba kwa ajili ya siku za umeme kukatika, na hutembelea chumba kila wiki kusafisha chujio, akipita ukutani bila kutazama upande alioketi Bwana Mkunjo. Mjane alihamia chini. Alisema amemaliza zamu yake, na hakuna aliyemlaumu kwa sauti.

Mshonaji alihamishia cherehani juu. Hushona humo akiwa na sweta mbili na soksi, na vidole vya glavu amevikata ili ashike sindano. Bwana Mkunjo huketi kwenye kiti kando ya ukuta. Asubuhi hulala. Alasiri huamka, naye huanza kutetemeka, meno yakigongana, machozi yakimtoka.

"Mke wangu," alisema alasiri moja. Ilikuwa sauti yake yenyewe, yenye kale kakicheko kake ndani. "Nasikia baridi. Zima kidogo tu, nipate nguvu. Au nipe hiyo sweta moja."

Mshonaji aliacha kukanyaga cherehani. Rimoti ilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake. Alimtazama mumewe, mikono aliyoijua, masikio aliyoyajua, na kwa muda hakuwa na uhakika wa chochote duniani.

"Vumilia, mume wangu," alisema.

"Nakufa, mama."

"Vumilia."

Alilia kwa muda. Kisha kutetemeka kukakoma, ghafla, kama bomba lililofungwa. Akaketi wima, akajinyoosha kola, akamtazama kwa adabu kubwa.

"Mimi sina haraka," alisema. "Yule mama wa kwanza alijitahidi sana. Wewe unadhani utachoka lini?"

Mshonaji aliisukuma rimoti chini kabisa mfukoni. Lakini chini ya jicho la kushoto la mwanamume yule, mshipa ulikuwa ukipiga bado, si haraka kama ule wa siku ya ngazi. Ulipiga polepole, kama wa mtu anayesikiliza.

"Niulize tena kesho," akajibu, akaingiza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga.